Koti la Mkono Mmoja

Mdogo wangu alirudi nyumbani siku ya Jumatano, na mimi nilijua kwamba amerudi siku ya Alhamisi. Nyumba yetu si kasri. Ina vyumba vitatu na duka la ushonaji kwa mbele, mlango wa nyuma unalia kama mbuzi, na mimi si mtu wa kusinzia kazini. Aliingia mchana kweupe, akapita nyuma ya mgongo wangu nikiwa kwenye cherehani, akaenda chumbani kwake akalala. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua majora ya vitambaa niliyokuwa nayahifadhi humo. Nikakuta yamepangwa vizuri ukutani, kitanda kimetandikwa, na mtu amekaa ukingoni mwake anafunga kamba za viatu. Shanta lake lilikuwa limefungwa, limeegemea mguu wake.

"Shikamoo dada," alisema. "Sikutaka kukukatiza kazi."

Nilimkumbatia, nikamtukana, nikalia, yote kwa pamoja. Kisha nikamwuliza mlango ule wa nyuma amewezaje kuufungua usilie. Akasema milango yote ina namna yake, ukiinyanyua kidogo inanyamaza. Alilisema hilo kwa upole sana, na upole huo ndio ulioanza kunitia wasiwasi.

Ili mnielewe, lazima niwaambie alikuwa mtu wa aina gani kabla hajaondoka. Sisi tulimwita Debe. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma, na kijana huyu alivuma tangu alfajiri hadi taa inazimwa. Alipiga mluzi akikata kitambaa. Kikombe hakukiweka mezani, alikitupa. Mkasi ulimdondoka, akaulaumu mkasi. Viatu vyake aliviacha katikati ya mlango, kimoja kimelala na kingine kimesimama, na hakuna mtu wa nyumba hii ambaye hajajikwaa hapo na kusema maneno ya aibu. Lakini alikuwa mkataji hodari wa makoti. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nalikubali hilo kwa shingo upande.

Siku moja akasema anataka kuona dunia. Mama akamwuliza dunia ya hapa ameimaliza lini. Akacheka, akanunua shanta, akaondoka, akisema atarudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaanza nyingine, mpaka mimi nikaacha kuziangalia. Alipita nchi ambazo majina yake sikuweza kuyatamka. Huku aliosha vyombo, kule alichuma matunda, kwingine alibeba matofali, na usiku alilala kwenye nyumba za wasafiri, vitanda juu ya vitanda, watu wasiojuana wakikoroma kwa lugha zao. Alipiga simu mara mojamoja. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza, kisha akanirudishia akisema sauti iko mbali mno, huenda si yeye.

Na sasa nimfikie mama, na Bwana Kimya.

Mama yangu ni fundi wa makoti, na macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alitaka kumfanyia upasuaji. Mama alimjibu kwamba yeye hakati kitambaa bila kupima mara mbili, na huyo daktari amempima mara moja tu. Basi anashona kwa vidole. Watu anawajua kwa kelele zao, nani anaburuta ndala, nani anakohoa kabla ya kusema. Mimi ananitambua kwa kusonya. Bwana Kimya ni jina la utani la sanamu letu la kupimia nguo, kiwiliwili cha mbao kilichovikwa turubai, hakina kichwa wala mikono, kinasimama kwa mguu mmoja wa chuma.

Duka letu lina sheria mbili, na mama alizirithi kwa mama yake. Ya kwanza, nguo haishonwi ikiwa mwilini mwa mtu. Niliwahi kumshonea Debe kifungo cha shati akiwa amelivaa, tungali watoto, na mama akanipiga kwa rula mpaka rula ikachoka. Kwenye sanamu unashona utakavyo, kwa kuwa mti hausikii sindano. Mtu ni lazima avue. Ya pili, sanamu halilali na nguo ya mtu. Jioni ukifunga duka unalivua, hata kama kesho utalivisha tena ile ile.

Ile ya pili mama aliivunja kwa ajili ya Debe. Wiki aliyoondoka, alikuwa akimshonea koti la kijivu, na mkono wa kulia tu ndio uliokuwa umeshonwa. Wa kushoto ulibaki kwenye kopo la vifungo. Mama akamvisha Bwana Kimya koti hilo, akamsimamisha dirishani, akasema litakaa hapo, kwa kuwa mtu hawezi kuacha nguo yake nusu, atarudi kuifuata. Wiki ya kwanza nilicheka. Baadaye nikamsikia mama akilisalimia. Kila jioni, kabla ya kufunga, alileta kikombe cha chai, akakiweka dirishani, akaushika ule mkono mtupu wa koti na kuutikisa kidogo.

"Umeshindaje, baba?" aliliuliza. Mtoto wa kiume kwake ni baba, siku zote.

Kisha alisubiri kidogo, kiasi cha mtu kujibu. Mama akishaingia ndani, mimi niliimwaga ile chai na kuosha kikombe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakuwahi kufika dukani kwetu.

Alhamisi ile nilimshika mdogo wangu mkono, nikampeleka kwa mama nikiwa nimejaa furaha. Mama alikuwa anatafuta pindo la suruali kwa kidole.

"Shikamoo, mama," Debe alisema.

Mama aliinua uso. Alitega sikio kwa muda mrefu, nami nikawa naona kabisa anavyosubiri kitu kianguke.

"Marahaba," alisema. "Karibu, mgeni wetu."

Nilimwambia huyu si mgeni, ni Debe. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu analowapa wateja wanaodai wamepungua unene. Alimgusa uso, akamgusa mabega. Akasema amefurahi, amefurahi sana, na kwamba mgeni huyu anafanana naye kidogo kwenye paji la uso. Baadaye jikoni akaninong'oneza, "Umefanya vizuri kunitafutia mtu wa kunituliza. Lakini mwanangu ana kelele. Huyu hana hata pumzi."

Nilikasirika. Nilidhani ni uzee, au ni kinyongo cha miaka. Lakini siku zilivyosogea, Mungu anisamehe, nilianza kumwelewa mama.

Debe hakuwapo. Sijui niseme vipi tena. Alikuwa ndani ya nyumba na hakuwapo. Taulo lake lilikuwa kavu wakati wote. Kitanda chake hakikuwa na bonde la mtu aliyelala. Sabuni haikupungua. Alikula, kwa kuwa nilimwona akila, lakini ukigeuka na kurudi, sahani imeoshwa imerudi mahali pake, na ungeulizwa mahakamani usingeweza kuapa kuwa kulikuwa na mtu mezani. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda, vimenyooka, ncha zikitazama mlango. Shanta halikufunguliwa. Alitoa kitu, akatumia, akakirudisha, akafunga zipu. Zipu hiyo ndiyo sauti pekee niliyoisikia kutoka chumbani kwake, na ilisikika mara chache.

Mteja wetu mmoja, karani wa posta, mwanamke wa maneno mengi, alikuja kujaribu gauni. Akasimama mbele ya kioo kirefu, akaanza kunisikitikia. "Na yule mdogo wako ndiyo amepotea moja kwa moja? Mama atakufa hajamwona."

"Si huyo hapo nyuma yako?" nilisema.

Aligeuka. Debe alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu kabisa na kiwiko chake, akimwangalia kwa heshima. Karani aliondoka na pini zikiwa bado kwenye gauni, na hakulirudisha wiki nzima.

Na siku nyingine mama alikuwa anafagia vipande vya nyuzi. Ufagio ukafika miguuni mwa Debe, ukaizunguka kama unavyozunguka miguu ya meza, ukaendelea. Debe hakuinua mguu. Mama hakusema samahani.

Kisha ikaja habari ya chai. Jioni moja nilikwenda kumwaga kikombe cha Bwana Kimya, nikakuta kitupu. Si kitupu tu, kimeoshwa, kimefunikwa juu ya sahani yake. Nilimwangalia Bwana Kimya, na koti lake lilikuwa limekaa vyema mno, limejaa kifuani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mimi si mwoga, lakini siku ya tatu niliomba dua kwanza ndipo nikajificha nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Mama alikuja, akasalimia, akautikisa mkono wa koti, akaondoka. Ndipo nikaona mkono unatoka nyuma ya Bwana Kimya, pole pole, kutokea chini, unachukua kikombe.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo wake umeegemea ule mguu wa chuma, anakunywa chai kwa mafunda madogo madogo.

"Wewe ni mzima kweli?" nilimwuliza.

"Si ni yangu?" alisema. "Amesema baba."

Nilikaa naye sakafuni. Ndipo nikamwuliza ni kitu gani walichomfanya huko. Akasema hawakumfanya kitu. Alijifunza tu. Huko, alisema, ukilala chumba kimoja na watu wanane, ukitandaza vitu vyako wewe ni adui. Ukijifunza kukiacha chumba kama ulivyokikuta, kila mtu anakukaribisha tena. Mwenye nyumba anakupenda kwa vile hukumsumbua. Alijifunza kula kilichopo na kunyamaza, kulala bila kugeuka, kuondoka kabla hajachokwa. Kuna usiku wezi waliingia chumbani walimolala, akalala kama maiti huku wakimpekua, na walimwacha na uhai wake. Alikuwa anajivunia mambo hayo, na haki alikuwa nayo, maana ndiyo yaliyomvusha.

"Basi miaka yote hiyo ulikwenda kusomea kutokuwepo," nilimwambia, "na umefaulu. Hongera. Sasa mama yako anakwambia karibu mgeni."

Hakukasirika. Debe wa zamani angenirushia kikombe. "Ndiyo maana naondoka Jumapili," alisema. "Anaye wa kumsalimia. Mimi namvurugia tu. Mgeni akikaa mpaka akachokwa ni mjinga, dada."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Hajanipa jembe," alisema. "Angenipa hata sindano, ningekaa."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nilijua akiondoka safari hii harudi, maana hatakuwa na kilichomrudisha. Na mama atabaki akisalimia mti mpaka siku atakayokufa, na mimi nitabaki nikiosha vikombe. Nilimsihi apige mluzi. Nilimsihi aangushe kitu, hata sufuria moja tu. Alijaribu, jamani. Alichukua sufuria, akainyanyua juu, akaiachia, na kabla haijafika chini mkono wake mwingine ukaidaka. Aliutazama mkono huo kama si wake. Alisema mwili umekataa.

Jumamosi alasiri mvua ilianza kunyesha na duka likawa na giza la mawingu. Nilitoka nje kuingiza ubao wa matangazo, nikahangaika nao mlangoni, nikarudi ndani nikijifuta uso. Bwana Kimya alikuwa dirishani kama siku zote, mgongo kwetu, koti la kijivu mabegani. Mama alikuwa anakuja na chai, akipapasa ukingo wa meza ya kukatia.

Nilipita mbele ya kioo kirefu. Humo ndani, kwenye upenyo wa pazia la chumba cha kujaribia nyuma yangu, nilimwona Bwana Kimya mwingine. Alikuwa uchi, turubai lake limechakaa, begani pana alama nyeusi pale ambapo mkono wa koti ulisugua kila jioni mama alipoutikisa.

Niligeuka kumtazama yule wa dirishani. Kichwa kilikuwepo, kimeinamishwa kifuani. Mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa nyuma, ndani ya koti. Hakuwa anapumua, au alikuwa anapumua kwa namna aliyojifunza huko alikokuwa. Nilipiga hatua moja, lakini mama alikuwa amekwisha kufika.

Mama aliweka kikombe dirishani.

"Umeshindaje, baba?"

Akaushika mkono wa koti. Ndani ya mkono huo kulikuwa na mkono.

Hakupiga kelele. Hakurudi nyuma. Aliushika, akavihesabu vidole kwa kidole gumba chake, akasubiri kidogo, kiasi kile kile cha mtu kujibu.

"Leo umejaa," mama alisema taratibu, na alionekana kuridhika, kama mtu aliyepanda mbegu akaona imechipua. Niliona kwamba hajamtambua mwanawe. Aliamini ni mti wake ndio ulioota mkono, kwa kusalimiwa sana.

Alikwenda kwenye kopo la vifungo, akautoa mkono wa kushoto wa koti, ule uliosubiri miaka yote. Akatunga uzi kwa kulamba ncha yake, mara moja, bila kuona. Akarudi, akauweka mkono ule begani, akaanza kuushona pale pale, kwenye mwili, kama unavyoshona kwenye sanamu. Alishona kwa nguvu, kwa sindano ya kushonea makoti. Niliiona ikizama zaidi ya kitambaa. Niliona bega la mdogo wangu linakaza, kisha linatulia. Ikazama tena. Tone dogo jeusi likajitokeza kwenye ule ukijivu. Alikuwa ametulia kama usiku ule alipolala kama maiti mbele ya wezi, na mama anamshonea utulivu huo mwilini.

"Debe," nilisema. Sauti ilitoka nusu. "Debe, tafadhali."

Sindano ikazama mara ya tatu.

"Mama, unanichoma!"

Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kiwiko chake kiliruka, kikapiga kikombe, kikombe kikagonga ukuta, kikavunjika vipande, chai ikatapakaa kwenye gauni la karani wa posta lililokuwa likisubiri pasi. Akarudi nyuma akakanyaga mkasi, akaulaani mkasi.

Mama alisimama na sindano hewani. Uso wake ulibadilika pole pole, kuanzia mdomoni. Aliunyoosha mkono mpaka ukampata sikio, akalivuta chini mpaka kichwa kikafika usawa wake.

"Vua," alisema. "Vua upesi. Nguo haishonwi mwilini mwa mtu. Nani kakufundisha ujinga huo?"

Debe alivua koti huku analia waziwazi, kwa kelele, kamasi na yote, kama mtoto aliyechapwa. Mama alikaa kwenye kigoda, akaufumua ule mshono wenye damu, akampima bega upya kwa vidole. "Limeshuka," alinung'unika. "Mzigo gani huo uliokuwa ukiubeba?" Akaanza kushona, akiwa na koti magotini, kwa mshono mdogo mdogo, ule wa nguo inayovaliwa.

Mimi niliokota vipande vya kikombe. Mvua ikapungua. Alipofika nusu ya bega, mama aliinua uso na kutega sikio kuelekea vyumbani.

"Na yule mgeni?" alisema. "Hajanywa chai."

Nilimtazama mdogo wangu. Alinitazama na yeye, akajifuta pua kwa kiganja.

"Ameondoka, mama," alisema.

"Bila kuaga?"

"Ndivyo walivyo, mama. Hawapendi kusumbua."

Mama alitikisa kichwa. "Maskini. Alikuwa mtu mzuri, lakini aliniogopesha," alisema, akakata uzi kwa meno.

Jioni ile shanta lilikuwa bado limefungwa, na sikumwuliza habari za Jumapili. Nilimsukuma Bwana Kimya pembeni, akiwa uchi kama sheria inavyotaka, nikafunga duka. Mama alitangulia ndani na koti mkononi. Alipofika mlango wa kati nilisikia kishindo, kisha maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwake tangu miaka hiyo, na ambayo hayaandikiki. Nilikimbia na taa. Alikuwa ameshikilia ukuta, mguu mmoja hewani, na katikati ya mlango palikuwa na viatu, kimoja kimelala na kingine kimesimama.